Mahitaji ya Kusafishia Darubini na Mahali pa Kuyapata



Zamani darubini ilikuwa chombo cha manahodha, maaskari na wapima ardhi, na mtu wa bara huku kwetu aliweza kuishi miaka yake yote asipate kuiona, licha ya kuishika. Leo sivyo. Darubini ndogo zaletwa na ndugu warudio safarini, zatolewa zawadi kwa shule na vyuo, na zauzwa katika miji mikubwa. Mwaka 2009, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Falaki, ilitengenezwa darubini ya bei nafuu iitwayo Galileoscope, yenye lenzi ya upana wa milimita 50, ili hata shule zisizo na fedha nyingi ziweze kuwa nayo. Tena tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete, na pale Rujewa, mkoani Mbeya, pete hiyo ilionekana kamili. Tangu siku ile vijana wengi wa nchi hii wametamani kuyatazama mambo ya mbinguni kwa karibu zaidi.

Lakini chombo kikifika nyumbani, elimu ya kukitunza haifiki pamoja nacho. Kijitabu kilichomo sandukuni huandikwa kwa lugha za kigeni, nacho hutaja dawa na vitambaa ambavyo muuza duka wa Shinyanga au Geita hajapata kuulizwa kwa majina hayo. Basi mwenye darubini hufanya moja katika mawili: ama huiacha ikajaa mafuta na ukungu mpaka isionyeshe kitu, ama huvuta ncha ya kanzu au pindo la kanga akaisugua kama asuguavyo kioo cha taa. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba karibu kila kitu kitakiwacho kwa kazi hii kimo katika miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita, ila kimo chini ya jina jingine na katika duka la biashara nyingine. Mwenye kujua kilichomo ndani ya chupa ndiye atakayekipata. Mwenye kujua jina tu aweza kurudi nyumbani na sumu.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Huenda mtu akasema: hiki ni kitu cha wataalamu, chatuhusu nini sisi wenye majumba na vyuo? Jibu ni kwamba sisi ni watu ambao saumu yetu, idi yetu na hija yetu hufuata mwezi. Kila mwaka, mwisho wa Shaaban na mwisho wa Ramadhani, watu hutoka nje magharibi kuutafuta mwezi mwandamo. Kama mwezi ulioonekana kwa chombo unatosha kwa hukumu au hautoshi, hilo ni la maulamaa, wala hatuligusi hapa. Sisi twasema juu ya chombo chenyewe, kwa kuwa kimekwisha kuingia majumbani.

Mwezi wa siku ya kwanza ni mwembamba mno, tena hukaa juu ya upeo kwa muda mfupi baada ya jua kuchwa. Nyuma yake mna wekundu na weupe wa machweo, na nuru yake mwenyewe yakaribia kufanana na nuru hiyo. Lenzi ikiwa na mafuta ya vidole, huitawanya nuru ya machweo ndani ya darubini, na ule uzi mwembamba wa mwezi humezwa. Kila dereva alijua jambo hili: kioo cha mbele cha gari kikipanguswa kwa kitambaa chenye mafuta, mchana huonekana safi, lakini akielekea jua la jioni haoni barabara. Hapo waweza kutokea ubishi wa bure, huyu akisema ameona na yule akisema hakuna kitu, kumbe waliyoyatazama ni mafuta ya kidole.

Nayo si kwa mwezi tu. Mtoto akionyeshwa Zohali na pete yake, au Mushtarii na miezi yake minne ambayo Galileo aliiona mwezi wa Januari 1610, huelewa kwa usiku mmoja jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa juma zima. Na elimu ya nuru si ngeni kwa watu wetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, ndiye aliyeandika Kitab al-Manazir, akaeleza kwa majaribio jinsi nuru inavyotoka katika vitu na kuingia jichoni. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi kabla darubini haijabuniwa Uholanzi mwaka 1608.

ADUI WA KIOO KATIKA NCHI YETU

Mahali pengi duniani vumbi ni udongo tu. Huku kwetu vumbi lina jambo zaidi. Dhahabu ya Geita, Nyarugusu na Kahama mara nyingi hukaa katika jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi. Wachimbaji wadogo hulipasua jiwe hilo, kisha hulisaga katika makarasha mpaka likawa unga, na unga huo hupeperuka, hukaa juu ya mabati, juu ya nguo, juu ya vyombo. Katika kiangazi, upepo ukivuma mbuga zote zikiwa kavu, hauzuiliki na dirisha.

Mjuzi wa madini, Friedrich Mohs, mwaka 1812 aliyapanga mawe katika daraja 10 za ugumu, ambapo lenye daraja ya juu hukwaruza lililo chini yake. Dhahabu ni laini, iko karibu na daraja ya 3. Kioo cha kawaida kiko karibu na 5 na nusu. Kwatzi iko katika 7. Na almasi, ambayo Dakta Williamson aliigundua Mwadui, karibu na Shinyanga, mwaka 1940, iko juu ya yote katika 10. Maana yake, dhahabu haiwezi kukikwaruza kioo cha darubini, lakini jiwe lililoibeba laweza. Punje moja ya vumbi hilo ikibanwa baina ya kitambaa na lenzi, hufanya kazi ya kisu. Mkwaruzo hautoki kwa sabuni wala kwa dawa, hubaki maisha.

Tena juu ya lenzi nzuri pana utando mwembamba sana, usioonekana ila kwa rangi ya zambarau au kijani kioo kikielekezwa kwenye mwanga. Utando huo ulibuniwa katika kiwanda cha Zeiss, Ujerumani, mwaka 1935, ili nuru isirudishwe nyuma bali ipite. Kioo kitupu hupoteza nuru kama asilimia 4 katika kila uso wake, na darubini ina nyuso kadhaa. Wenye kusugua hukiondoa kidogo kidogo kile walichokilipia fedha.

Wala tusisahau kwamba unga huu uharibuo kioo huharibu mapafu pia. Mtu akirudi kutoka karashani na nguo zake nyeupe kwa vumbi, na azikung'utie nje mbali na watoto, ama azitie majini kabla ya kuziingiza ndani. Kwa kufanya hivyo atakuwa amekilinda kioo na kuwalinda watu wake kwa tendo moja.

PUNJE NA MAFUTA SI KITU KIMOJA

Kabla ya kutafuta dawa, sharti mtu ajue kama chombo chake chahitaji kusafishwa. Wengi humulika lenzi kwa tochi usiku, wakaona vumbi limejaa kama nyota, wakaingiwa na hofu. Mwanga wa tochi hukuza kila kitu. Kwa kipimo hicho hata kioo kipya huonekana kichafu.

Tufanye hesabu. Lenzi ya upana wa milimita 70 ikiwa na punje moja ya upana wa milimita 1, punje hiyo huziba sehemu 1 tu katika sehemu 4,900 za uso wake. Punje kumi za namna hiyo hazizibi hata sehemu 1 katika 400. Jicho halitambui upungufu huo, nyota wala mwezi haubadiliki. Basi vumbi kidogo ni la kuachwa. Lakini alama ya kidole, tone la mate lililokauka, moshi wa jikoni, au wanja uliogusa lenzi ya jichoni, hayo hutandaa na kutawanya nuru, nayo ndiyo yanayohitaji kuondolewa.

Kanuni ni hii: lenzi kubwa ya mbele husafishwa kwa nadra, labda mara moja kwa mwaka au pungufu. Lenzi ya jichoni husafishwa mara nyingi zaidi, kwa sababu kope na mafuta ya uso huigusa kila siku itumikapo.

MAHITAJI, MOJA BAADA YA JINGINE

Kwanza, kipulizio. Chombo cha kwanza cha kuondolea vumbi ni upepo, wala si kitambaa. Katika duka la dawa ulizia ule mpira mdogo wa kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga. Nunua mpya, uufinye mara nyingi hewani ili unga uliomo ndani utoke, kisha utumie kupulizia lenzi. Usipulize kwa kinywa, kwa kuwa mate hutoka pamoja na pumzi. Wala usipeleke darubini kwa wajaza upepo wa magurudumu, kwani upepo wao hutoka na maji na mafuta ya mashine.

Pili, brashi. Wauza vipodozi wana brashi laini za kupakia poda. Mpya isiyoguswa na poda yafaa sana. Ioshe kwa sabuni na maji, ikauke kabisa, uihifadhi katika mfuko safi, wala usiiguse ncha yake kwa vidole. Wapiga picha wa mjini nao mara nyingi wana brashi za kamera, na wengine huwa radhi kumwagizia mtu.

Tatu, pamba. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Sisi twakaa katika nchi ya pamba. Mashamba ya Shinyanga yameilisha viwanda kwa miaka mingi, na mtu angedhani pamba ndiyo kitu cha mwisho kumsumbua. Lakini pamba itokayo shambani haifai. Ina nta yake ya asili inayokataa maji, na hata baada ya kuchambuliwa hubaki na vipande vya majani na maganda ya mbegu. Itakiwayo ni pamba ya hospitali, ambayo imechemshwa na kusafishwa hata nta ikatoka. Soma karatasi yake uhakikishe kuwa ni pamba tupu, kwani nyingine huchanganywa na nyuzi za kutengenezwa viwandani ambazo ni ngumu zaidi. Jaribu lake ni rahisi: itupe katika maji. Pamba ya hospitali huzama upesi, pamba ya shambani huelea.

Nne, kitambaa. Duka la miwani huuza vitambaa laini vya kupangusia miwani. Kimoja kiwe cha darubini peke yake, kioshwe mara kwa mara kwa sabuni isiyo na dawa ya kulainisha nguo, maana dawa hiyo huacha mafuta. Leso, kanga, karatasi za chooni na ncha ya kanzu vyote hubeba vumbi lile tulilolitaja.

Tano, maji. Maji ya kisima hayafai kusafishia lenzi. Sehemu nyingi za mkoa wa Shinyanga maji ya chini ya ardhi yana chumvi na floridi nyingi, na tone lake likikauka huacha doa jeupe. Maji ya bomba yaletwayo kutoka Ziwa Viktoria ni mazuri kwa kunywa na kupikia, lakini nayo yana madini na dawa ya kuulia vijidudu. Maji ya mvua hupita juu ya bati lenye vumbi. Hata maji ya chupa ya kunywa yana madini yake. Yatakiwayo ni maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudi kuwa maji, nayo hupatikana katika vituo vya mafuta na maduka ya vipuri vya magari, kwa jina la maji ya betri.

Na hapo ndipo penye hatari. Jina hilo la maji ya betri watu hulitumia kwa vitu viwili: maji safi ya kuongezea betri, na tindikali ya kutilia betri mpya. La kwanza halina madhara. La pili huunguza ngozi na kupofusha macho, na kwa kutazama tu vyote viwili ni vyeupe kama maji. Kijana mmoja alitumwa na mjomba wake dukani kuleta maji ya betri. Akapimiwa katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na maandishi yoyote, akaja nayo mkononi njia nzima. Tone lilimwagikia shati lake, halikuonyesha kitu. Lakini lilipofuliwa shati likatoka matundu. Lau angeona kiu njiani, Mwenyezi Mungu apishe mbali.

Kwa hiyo, wazazi wapenzi, msimtume mtoto kwa kitu hiki. Aende mtu mzima, asikubali ila chupa iliyofungwa kiwandani na yenye maandishi, naye amwambie muuzaji wazi kwamba ataka maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, siyo tindikali. Akifika nyumbani asiimimine katika chupa ya kinywaji.

Mwenye shaka na asihangaike. Aweza kuyatengeneza maji hayo jikoni mwake. Chemsha maji katika sufuria safi isiyo na mafuta, funika kwa kifuniko safi kilicho baridi, kisha inua kifuniko na uyaelekeze matone yaliyogandamana chini yake katika bilauri safi. Rudia mpaka upate kikombe kimoja. Ili kujua ubora wake, dondosha tone moja juu ya kipande cha kioo safi na uliache likauke kivulini. Lisipoacha doa, maji ni mazuri.

Sita, spiriti. Mafuta hayatoki kwa maji peke yake. Inayofaa ni spiriti iitwayo aisopropili, ya asilimia 70 au zaidi, isiyotiwa rangi, manukato wala mafuta. Ulizia katika maduka makubwa ya dawa, au kwa mafundi wa simu, ambao huitumia kusafishia vyombo vya ndani ya simu. Jihadhari na tatu zinazofanana nayo. Spiriti yenye rangi, ya kuwashia moto, huacha rangi yake juu ya kioo. Spiriti ya vidonda mara nyingi hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki juu ya lenzi. Ama ile dawa ya kutakasia mikono iliyoenea tangu mwaka 2020, ndani yake mna glisarini ya kulainisha ngozi, nayo huacha utando unaonata. Hata ile iliyotengenezwa kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani ina glisarini.

Wako watakaouliza juu ya hukumu ya kutumia spiriti nyumbani. Maulamaa wamesema mengi juu ya twahara ya vitu kama hivi, na kila mtu na amwulize sheikhe wake. Asiyependa kuitumia atapata msaada mkubwa kwa maji yale safi na sabuni kidogo. Lakini kila mtu ajue kwamba aisopropili si kinywaji, ni sumu, na tena hushika moto upesi; isikae karibu na jiko la mkaa wala mahali pa watoto.

Saba, sabuni. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo latosha kwa nusu lita ya maji. Sabuni ya unga isitumike. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha isitumike, kwani nyingi zina amonia ambayo yaweza kuudhuru utando. Na dawa ya kufutia rangi ya kucha isikaribishwe kabisa, maana huyeyusha plastiki za darubini.

Atakayekosa baadhi ya vitu hivi katika mji wake na aagize Mwanza. Kwa ndugu wa Geita njia imekuwa nyepesi tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi mwaka 2025, ambapo zamani watu walingoja kivuko. Na wa Shinyanga na Kahama wana mabasi ya kila siku, ambayo hupokea vifurushi. Ila spiriti isitumwe kwa basi kwa siri ndani ya mzigo wa nguo. Ichukuliwe kwa kufuata taratibu za msafirishaji, kwa kuwa hushika moto.

NAMNA YA KUSAFISHA

Chagua asubuhi tulivu isiyo na upepo, funga madirisha, mwagia maji sakafu kidogo ili vumbi litulie. Nawa mikono, vua pete na saa. Usiifungue darubini wala kulegeza parafujo zinazoshika lenzi, kwani lenzi zilipangwa kwa kipimo, nazo zikihama haitaonyesha vizuri tena.

Elekeza lenzi chini kidogo, upulize kwa ule mpira mara nyingi. Kisha pitisha brashi kwa wepesi, kama mtu aondoaye unyoya juu ya shavu la mtoto aliyelala. Baada ya kila mpito ikung'ute brashi. Ikiwa hakuna mafuta, komea hapo, kazi imekwisha.

Yakiwapo mafuta, changanya maji safi na spiriti nusu kwa nusu, na tone la sabuni ukitaka. Loweka kipande cha pamba, ukikamue kisidondoke. Usimimine maji juu ya lenzi, maana huingia kati ya kioo na kioo, na kuyatoa ni shida. Anza katikati ya lenzi, vuta kuelekea ukingoni bila kukandamiza, uzito uwe wa pamba yenyewe tu. Pamba hiyo itupe. Chukua nyingine, fanya hivyo hivyo. Kila kipande ni cha mpito mmoja, kwa sababu kipande kilichokwisha kupita kimekwisha kubeba punje. Mwisho tumia pamba yenye maji matupu, kisha pamba kavu kwa wepesi ule ule. Mwenye haraka asianze kazi hii siku ile.

DARUBINI YA KIOO NA HATARI YA ZEBAKI

Ziko darubini ambazo badala ya lenzi ya mbele zina kioo cha kuakisi ndani yake. Kioo hicho si kama kile cha kujitazamia nyumbani. Kioo cha nyumbani kimepakwa madini nyuma, na mbele kimelindwa na kioo chenyewe. Cha darubini kimepakwa mbele, kwa utando wa aluminiamu wa unene kama wa sehemu 1 katika 10,000 za milimita. Kukisugua mara moja ni kuuchana. Kioo hicho hupulizwa tu, na kikizidi kuchafuka baada ya miaka, hutolewa na mjuzi kikaoshwa kwa maji safi yatiririkayo.

Kwa watu wa ukanda wa dhahabu pana jambo jingine. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu, huishambulia aluminiamu na kuila. Ndiyo sababu mashirika ya ndege huzuia watu kuichukua ndani ya ndege. Zebaki ikigusa kioo cha namna hiyo itakiharibu.

Lakini tufikirie zaidi ya kioo. Katika baadhi ya nyumba dhahabu iliyoshikwa na zebaki huchomwa juu ya jiko lile lile la kupikia, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mvuke huo huingia mwilini kwa pumzi, hudhuru ubongo na figo, na madhara yake ni makubwa zaidi kwa mama mjamzito na watoto wadogo. Mataifa yalikubaliana juu ya kuipunguza zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017; lakini mkataba hauwezi kuingia jikoni mwa mtu kumzuia. Mwenye nyumba ndiye awezaye. Chumba kinachochomewa dhahabu hakifai kuwekwa darubini, na kama hakifai kuwekwa darubini, vipi kitafaa kulala mtoto?

KUHIFADHI

Mwenye kuhifadhi vizuri husafisha mara chache. Kila baada ya kutumia, funika lenzi kwa vifuniko vyake. Lakini ikiwa imepata umande, ngoja ikauke kwanza, kwani unyevu ukifungiwa ndani huzaa kuvu, na kuvu hula kioo. Jambo hili lawahusu zaidi wakaao karibu na ziwa, na sote wakati wa masika. Vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu msivitupe. Viwekwe ndani ya sanduku la darubini, mbali na mikono ya watoto wadogo. Mfuko wa ngozi haufai kwa kuhifadhia muda mrefu, kwa kuwa hushika unyevu.

Na neno la mwisho ni kubwa kuliko yote. Siku ya kutafuta mwezi mwandamo, darubini isielekezwe magharibi mpaka jua limechwa lote. Atazamaye jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, aweza kupofuka papo hapo, wala hakuna usafi wa lenzi utakaomfaa.

Hizi ndizo haja zenyewe: mpira wa mtoto kutoka duka la dawa, brashi ya poda, pamba ya hospitali, kitambaa cha miwani, maji yaliyosafishwa, spiriti kidogo na tone la sabuni. Vyote huingia katika kikapu kimoja, na vikitunzwa hutosha kwa miaka. Walimu wenzangu wa vyuo vyenye darubini na waviweke pamoja katika sanduku lenye kufuli, na wamfundishe kijana mmoja au wawili walio wakubwa na watulivu, hao tu ndio wawe na ruhusa ya kuigusa lenzi. Wengine wote watazame. Kwa njia hiyo mtoto atakayeingia chuoni baada ya miaka kumi naye ataikuta pete ya Zohali ikiwa wazi kama tuionavyo leo.

Wabillahi tawfiq.